Boksi Jeupe Kwenye Kadi

Walionana mara ya kwanza Kagongwa, siku ya mnada, katikati ya magunia ya mchele na kelele za wapiga debe. Thobias alikuwa amebeba bango begani, shati lake la bluu limejaa vumbi jekundu la machimbo. Alipogeuka, ncha ya bango ikamvua Nyamizi kilemba.

"Mwangaluka, bibie," alimwamkia Kisukuma akikiokota. "Nimekuvua kilemba hata jina sijakuuliza. Kwenu watanitoza ng'ombe."

Nyamizi, ambaye hata kuuliza bei aliona aibu, alijikuta anacheka.

Thobias alitengeneza mabango na vitambulisho huko Geita. Nyamizi alichapa kadi kwenye duka la Mama Bhoke, mtaa wa Kambarage, mjini Shinyanga. Mapenzi yao yalikulia kwenye simu, jioni baada ya jioni, mpaka posa ikapokelewa na kanisani wakatangazwa.

Kadi ya harusi Thobias aliibuni mwenyewe, akamtumia kama PDF. Kwenye simu ilipendeza: Nyamizi na gauni lake la kitenge cha njano, Thobias na suti nyeusi, bega kwa bega. Ila saa ya ibada ilikuwa imebadilishwa, ikabidi Nyamizi aifungue kwenye programu ya usanifu ili airekebishe kabla ya kuchapa. Kompyuta ikamwambia kuna picha iliyounganishwa ambayo haipatikani. Akabonyeza kuendelea.

Yeye alikuwepo, anatabasamu. Pembeni yake, mahali pa Thobias, palikuwa na boksi jeupe.

Akampigia Thobias, hapatikani. Alikuwa machimboni akiwapiga wachimbaji picha za vitambulisho, na asubuhi hiyo redio ilikuwa imesema duara moja, shimo la wachimbaji, limetitia upande huohuo.

Mama Bhoke alisogea, akatazama, akaguna.

"Kwenye simu yupo, mama," Nyamizi alisema.

"Na huku hayupo. Huyo kajitoa mwenyewe, mwanangu. Wa kwangu alianza kwa kuhamisha viatu."

Nyamizi hakujua aogope lipi. Kama yuko chini ya kifusi, amempoteza. Kama yuko salama, amemkimbia. Alifungua kadi ile tena na tena, na kila mara boksi lilimngoja palepale, jeupe kama sanda.

Jioni simu iliita. Jina la Thobias. Yu hai. Alishusha pumzi, kisha woga wa pili ukaingia: basi anapiga ili aseme anamwacha. Akaigeuza simu kifudifudi. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Akaizima.

Kesho yake Thobias aliingia dukani na buti zake za matope, begi la laptop mgongoni. Alimpa Mama Bhoke shikamoo, akajibiwa marahaba bila kutazamwa.

"Nyamizi wangu, nimekosa nini?"

Nyamizi aligeuza skrini. "Umejitoa," alinong'ona.

Thobias alilitazama lile boksi, akakaa kwenye stuli na kufunika uso. Nyamizi alidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Nilijua umenikataa. Njia nzima nilikuwa naomba basi lisifike."

Akamweleza polepole. Simu huonyesha kadi kama ilivyokamilika. Programu ile hutafuta picha zenyewe, huko zilikohifadhiwa. Picha yake aliiunganisha tu, na iko kwenye laptop yake. Ya Nyamizi aliipachika ndani ya kadi, ndiyo maana ilisafiri nayo.

"Kwa nini upachike yangu peke yake?"

"Yangu ninayo siku zote. Yako niliogopa kuipoteza."

Mama Bhoke akajifanya anapanga karatasi.

Thobias aliinakili picha yake kutoka kwenye laptop hadi kwenye flashi, akaichomeka, akaionyesha programu picha ilipo. Uso wake ukarudi. Nyamizi hakutabasamu bado.

"Pachika," alisema.

Akapachika, akahifadhi.

"Sasa chomoa flashi."

Akachomoa, akaitia mfukoni. Nyamizi akaifunga kadi, akabonyeza kuifungua upya, na hapohapo akafumba macho. Mashine ya kuchapa ilikuwa inanguruma taratibu, ikisubiri.

"Fumbua," Thobias alisema karibu na sikio lake. "Nipo."

Nyamizi alifumbua jicho moja kwanza.