Pumzi Zilizokatwa

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, mtu mwingine angelipita tu. Saa nne asubuhi Mkasi alikuwa amevaa hedifoni, akikagua sentensi aliyokwisha kuisikia mara mia: "Karibu, tukusaidie nini leo?" Kati ya "karibu" na "tukusaidie", mtu alivuta pumzi.

Akairudisha nyuma. Akasikiliza tena. Pumzi ilikuwepo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeikata. Ndiyo maana ofisini walimwita Mkasi. Kampuni iliuza sauti ya kompyuta ya kupokea simu za wateja, na bosi alitaka sauti isiyohema. "Mashine haichoki," alizoea kusema. Mkasi akakaa miezi mitatu akizing'oa pumzi za Dada Sauti, moja baada ya nyingine, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa kitu ovyo, alizihifadhi kwenye faili na kuzipa namba. Zilifika elfu moja mia moja na arobaini na saba.

Dada Sauti alikuwa mpokea simu wa kampuni kabla hawajamgeuza programu. Walimrekodi siku thelathini mfululizo katika chumba kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa magodoro, naye kifua kinambana, ananuka dawa ya kuchua. Kila alipoomba kupumzika, bosi alimjibu neno moja: "Malizia ukurasa." Kurekodi kulipokwisha, kazi yake nayo ikaisha; ya nini kumweka mtu ilhali sauti yake inapokea simu yenyewe? Wiki tatu baadaye wakasikia amefariki.

Sasa kampuni nayo ilikuwa inakata roho. Kati ya watu arobaini walibaki watano. Viyoyozi vilizimwa, viti vitupu vilisukumwa ukutani, na juu ya meza bado kulikuwa na vibandiko vya majina ya watu walioondoka bila kuaga. Tumaini lilikuwa moja: wanunuzi waliokuwa waje Alhamisi.

"Prof, hebu sikiliza hapa."

Prof, mtunga programu, alikuja akiburuta kandambili. "Mkasi, wazimu wako usinigawie. Mimi wangu unanitosha."

Akavaa hedifoni. Tabasamu likamfifia taratibu.

"Hili faili halijaguswa tangu mwaka jana," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi inatoka wapi?"

Prof alizivua hedifoni akaziweka mezani kama mtu anayeweka yai. "Imenipuliza sikioni," alisema. "Ina joto."

Jumanne harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa kwenye ujia. Hospitali moja iliyonunua sauti ile ikapiga simu kuuliza kwa nini mashine yao inakohoa. Prof akafungasha kompyuta yake. "Nilikubali kufa masikini," alimwambia Mkasi mlangoni. "Kufa kwa kukosa hewa hakumo kwenye mkataba." Alicheka, lakini aliteremka ngazi mbilimbili.

Mama Usafi alimkuta Mkasi amesimama mbele ya chumba cha magodoro, sikio mlangoni. Ndani mtu alikuwa akihema.

"Toka hapo, mwanangu."

"Mama, ni yeye?"

"Yule alikuwa mpole, marehemu. Hana haja na nyie." Mama Usafi alikuwa akinong'ona, fagio kalishika kwa mikono miwili. "Hilo ni jini. Mlitoa pumzi mkaacha sauti tupu, imekaa wazi mwaka mzima. Limeingia, limekuta hasira iko tayari."

"Linataka nini?"

"Ulichokata, rudisha. Usibakize hata moja. Ikipungua, litajaziliza kwa aliyekata."

Jumatano Mkasi hakula. Alirudisha pumzi kwa mpangilio, namba kwa namba, na kila alipobandika moja, mhemo wa nyuma ya mlango ulitulia kidogo. Jioni, jua likiwa bado dirishani, alifika elfu moja mia moja na arobaini na sita.

Iliyofuata haikuwepo.

Hapo ndipo alipokumbuka, japo ukweli ni kwamba hakuwahi kusahau. Ilikuwa siku ya mwisho. Dada Sauti alimtazama kupitia kioo, akavuta pumzi kwa shida, akasema, "Mdogo wangu, mwambie nipumue kidogo." Mkasi alimwangalia bosi, akainamisha kichwa. Hakumwambia. Kipande kile alikipa namba, kisha akakifuta kabisa, asije akakisikia tena maishani.

Alhamisi wanunuzi watatu walikaa kwenye chumba cha kioo. Mkasi alijaribu kumvuta bosi pembeni.

"Bosi, tusiiwashe leo. Nakuomba."

"Ukitaka kuacha kazi, acha kesho," bosi alisema huku akitabasamu kwa wageni. Akabonyeza simu ya mezani.

"Karibu," ilisema sauti. Ikavuta pumzi ndefu, yenye maji ndani yake. "Bosi. Malizia ukurasa."

Bosi akafungua mdomo kucheka, na badala ya kicheko zikatoka zile sentensi, karibu tukusaidie nini leo, tafadhali subiri, simu yako ni muhimu kwetu, bonyeza moja, bonyeza mbili, moja ikikanyaga nyingine bila nafasi ya kupenyeza hewa, siku thelathini za sentensi zikimtoka kwa mkupuo, naye akishika tai, akishika shingo, akipiga meza kwa kiganja, macho yakimwomba kila mtu mle ndani amwambie apumue, midomo ikigeuka rangi ya wino na bado inasema asante kwa kusubiri, asante kwa kusubiri, mpaka ikawa midomo tu inacheza bila sauti, na kichwa kikalala juu ya makaratasi ya mauzo.

Wanunuzi walikimbia na kuacha mifuko yao. Mkasi alibaki amesimama, mgongo kwenye kioo. Simu ilikuwa bado hewani. Harufu ya dawa ya kuchua ilimfikia puani, nzito, ya karibu sana, kana kwamba mtu amesimama kumwegemea.

"Mdogo wangu," sauti ilisema, kwa upole ule ule wa zamani. "Inabaki moja."

Mkasi alivuta pumzi ili aombe msamaha. Ikaingia, ikajaa kifuani.

Akangoja itoke.