Mtoto Aliyenenepa Bila Kunyonya

Nesi wa zahanati ya Kanyangi alifurahi kuliko mama mwenyewe. Mtoto ameongeza gramu mia sita kwa wiki mbili, kidonda cha operesheni ya moyo kimefunga, midomo imeacha ile rangi ya buluu. Akampa Nzilani hongera kwa kunyonyesha vizuri. Lakini maziwa ya Nzilani yalikaukia huko hospitali Nairobi, na ya kopo mtoto alikuwa anayatema yote.

Sasa angemwambia nani? Mumewe Kimeu yuko kazini Mombasa, simu ni Jumapili tu. Daktari alikataza wageni miezi miwili, na majirani wakatii kupita kiasi, hata salamu wanamtupia wakiwa barabarani. Upweke wa aina hiyo, wacha tu.

Lakini kuna mtu alikuwa anakuja. Kila saa saba mchana Nzilani akienda kuchota maji kwenye tangi, akirudi anakuta mtoto ameshiba, anacheua, shuka linanuka maziwa mabichi na udongo wa mvua, na mvua yenyewe haijanyesha tangu Mei. Siku moja akajificha nyuma ya mlango, akasikia mwanamke akibembeleza kwa sauti ya chini, akasikia mtoto akimeza funda kwa funda, akachungulia akaona godoro limebonyea kando ya mtoto na hapana mtu, na mtoto ameinua mkono anashikashika kitu hewani huku akicheka, kicheko ambacho yeye mama yake hajawahi kupewa.

Akambeba, akakimbia kwa Wayua, mkunga mzee wa hapo jirani. Wayua aliuliza tu mtoto anaitwa nani. Hana jina, Nzilani akajibu. Siku ya tatu tangu azaliwe, ambayo kwa mila yao ndiyo siku ya kupewa jina, mtoto alikuwa kwenye mashine, na yeye aliogopa kumpa jina mtoto wa kuzikwa. Hata kwenye faili ameandikwa Mtoto wa Nzilani.

"Asiye na jina bado ni wa aimu, wale mizimu," Wayua akanong'ona. "Mmoja amedhani umemtupa, akamchukua awe wake."

Jioni hiyo wakamwita Mulei, na Wayua akamfunga ushanga shingoni, alama kwamba sasa ana wenyewe na aimu wasimguse. Nje, nyuma ya ukuta, mwanamke akaanza kulia. Alizunguka nyumba mara moja, akanyamaza.

Mulei naye akalia njaa. Maziwa ya kopo akayatema siku hiyo, na kesho yake, na siku mbili zilizofuata. Kule zahanati nesi akapima mara mbili, uso ukabadilika.

"Moyo huu hauwezi njaa, mama. Ile kitu ulikuwa unafanya, rudia. Ama nikuandikie barua mrudi Nairobi leo."

Nzilani aliomba siku moja. Alifika nyumbani kabla ya saa saba, akamlaza Mulei kitandani, akamfungua ule ushanga, akaacha mlango wazi.

"Kuja umnyonyeshe," akasema.

Kisha akaenda kukaa jikoni peke yake, ameziba masikio, asimsikie mtoto wake akicheka.