Nilimfundisha Baba Kuendesha Manual, Akatuacha

Nina miaka kumi na saba, naishi Burnsville, mji wa huku Amerika, na Mama na ndugu yangu mdogo. Mimi si mtu wa maneno mengi. Hata kanisani nikiambiwa nisalimie watu, sauti hunikauka. Lakini hili nikiendelea kuliweka kwa diary peke yake, litanimaliza... Wasomaji wenzangu, nivumilieni.

Baba alijifunzia gari huku Amerika, kwa hivyo alijua auto tu. Hata leseni aliyochukua Kenya alipoenda mara ya mwisho ilikuwa ya auto pekee.

Mwaka jana, theluji ilipoyeyuka, alinunua gari kuukuu la manual, la klachi na gia za mkono. Mama aliambiwa ni langu la kwenda shule. Tulipobaki wawili ndipo Baba akanipa siri yake. Angeenda nyumbani afanye mtihani upya, leseni iongezwe manual, ili Krismasi atupeleke sote kwa Shosho, mamake, tukipanda pikapu ya Guka, babake marehemu.

"Usimwambie mamako," alisema. "Nataka ashtukie tu niko kwa usukani."

Mngeniona nilivyofurahi! Baba alikuwa mtu wa shift na usingizi, na sasa alikuwa wangu kila Jumapili. Baada ya ibada, watu wakinywa chai ndani, sisi tulikuwa kwa parking ya kanisa, gari linaruka kama chura.

Tulifuata video za simu, na mimi nilishika haraka. Yeye klachi ilimshinda. Aliiachilia ghafla, gari likazima. Nikamwambia avue kiatu, asikie kwa unyayo pale gari linapoanza kutetemeka, hapo ndipo akanyage mafuta polepole. Akanitii, mtu mzima! Siku aliyopanda kilima cha nyuma ya kanisa bila kurudi nyuma hata kidogo, alinipigia saluti. Aliniita mwalimu.

Mwezi wa nane akasafiri. Atarudi shule ikifunguliwa, alisema.

Shule ikafunguliwa... baridi ikaingia. Kila akimpigia Mama, mara Shosho ni mgonjwa, mara shamba lina kesi. Mama akaongeza shift kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Kila tukikaa kula, alimwombea Shosho apone.

Kisha Jumamosi moja Baba akanipigia mimi. Amepita mtihani! Alinieleza jinsi mkaguzi alivyomsimamisha mlimani, na jinsi alivyokumbuka ule unyayo. Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka.

Ndipo nikasikia sauti ya mtoto karibu naye.

"Daddy, sasa utanipeleka shule na pikapu ya Guka?"

 Mwanamke akamwambia mtoto, kwa upole kabisa, amwache Daddy aongee na simu. Halafu simu ikakatika.

Daddy? Guka wa nani?... Wangu?

Jioni hiyo Baba alinitumia ujumbe. Huko ndiko kwake sasa, na harudi. Tusimchukie.

Nilimpata Mama kitandani akivaa viatu vya kazi. Nikamwonyesha simu, kisha nikamwambia kila kitu, hata zile Jumapili. Alikaa na kiatu kimoja mkononi.

"Ulijua anajifunza?"

"Alisema ni surprise, Mum."

 "Na mimi nilikuwa ndani nikimiminia watu chai," akasema. Akafunga kiatu, akaenda kazini.

Watu huniambia si kosa langu. Pengine. Lakini mnajua inavyouma kukumbuka siku zako tamu kuliko zote, na kugundua kwamba mwenzako alikuwa akijiandaa kukuacha? Nilipewa siri, nikadhani nimepewa upendo.

Nyinyi mlio wapole kama mimi, nawasihi... mzazi akikuambia usimwambie mwenzake, mwambie. Acha surprise iharibike. Afadhali ivunjike surprise kuliko nyumba.

Na wewe mzazi unayesoma hapa, kama lazima uende, nenda. Lakini usimpe mtoto wako akubebee mizigo mpaka mlangoni, akidhani mnasafiri pamoja.