Goti la Kuazima

Mwalimu Jenista aliukuta mguu umekunja goti, na yeye aliuacha umenyooka.

Hilo hakuwa na shaka nalo. Ijumaa alipofunga darasa la tano aliutundika mwenyewe kwenye msumari, jirani na picha ya mfumo wa damu, ukining'inia wima. Leo Jumatatu, ukungu wa Tunduma ukiwa bado umeziba madirisha na honi za malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde zikilia utadhani yako uani, mguu ulikuwa umejikunja na kisigino kimeegemea ukutani, kama mtu aliyechoka kusubiri gari. Kile kizibo cha soda alichokibandika mahali pa kilegesambwa, yaani ile pia ya goti inayochezacheza ukiigusa, kilikuwa chini sakafuni.

"Panya," alijisemea. Mwalimu wa sayansi asiposema panya atasema nini?

Mguu wenyewe ulikuwa zana yake ya kufundishia. Kila mkaguzi anayekuja huulizia zana, na zana hazipo, kwa hiyo mwalimu anageuka fundi apende asipende. Jenista alikwenda nyuma ya machinjio, kwenye lundo la mifupa iliyokaushwa na jua, akaokota fupa la paja, akaokota muundi na mwenzake mwembamba, akaokota vifupa vya kifundo na vya unyayo. Kimoja kilikuwa cha ndama, kingine cha mbuzi, na kile kirefu cha muundi hakujua ni cha mnyama gani. Ajabu ni kwamba alipoviweka pamoja vilishikana vyenyewe, kana kwamba vilikuwa vinatafutana siku nyingi. Siku nyingine angejiuliza maswali. Siku hiyo alifurahi tu. Alikata vipande vya ndala kuukuu vikawa gegedu, ili mfupa usisuguane na mfupa. Alichana mpira wa ndani wa tairi la bodaboda ukawa kano za kuunga. Akadondoshea mafuta ya kula kwenye maungio yawe ute wake, na kila alichokifunga alikitaja kwa sauti, kwa mazoea ya kazi. Kilichokosekana ni kilegesambwa. Alilipekua lundo zima, hakukipata.

Somo la Ijumaa lilinoga. Alikuwa akigusa kwa fimbo, watoto wanaitikia. "Fupa la paja!" "Muundi!" "Kifundo!" Fimbo ilipofika gotini, kizibo kikadondoka na darasa zima likaangua kicheko. Jenista hakuwa mtu wa kupenda kuchekwa. Akamwita mbele binti yake Felista, ambaye alisoma humo humo darasani kwa mama yake na kupata uzuri na ubaya wake.

"Weka mguu wako hapa, sambamba na huu. Haya, wote mnaona hapa pana pengo? Basi leo tunauazimisha mguu wetu goti la Felista. Sawasawa?"

"Sawaaa!" darasa likaitika kwa pamoja.

Ukuta ukatoa harufu ya uboho mbichi, ile harufu ya mfupa uliopasuliwa sasa hivi. Mifupa ile ilikuwa imekauka kitambo. Jenista alifungua dirisha, akaendelea na somo.

Jumatatu hiyo hiyo, wakirudi nyumbani, Felista akasimama njiani. "Mama, goti linanitembea."

"Goti linatembeaje?"

"Lishike."

Jenista alichutama akaweka kidole. Kilegesambwa cha mtoto kilisogea chini ya ngozi, taratibu, kikaenda upande wa shule, kikakaa huko. Alipokirudisha kati kilisogea tena upande ule ule. Alimgeuza mtoto atazame kwingine, na kifupa nacho kikageuka, kikaelekea shuleni. Akambeba binti yake mgongoni mpaka nyumbani, msichana wa miaka kumi mwenye miguu mirefu ya kufagia vumbi, na watu wa barabarani wakawa wanawatania.

Mumewe Sebastian alikuwa fundi wa breki za malori, mtu asiyeamini kitu ambacho hawezi kukifungua kwa spana. Aliwapeleka hospitali. Mpiga picha za eksirei alipiga mara ya kwanza, akakunja uso, akapiga tena. Fupa la paja lilionekana, muundi ulionekana, na mbele ya goti palikuwa peusi, hapana kitu. Alisema mashine labda inasumbua, warudi kesho. Felista alikuwa amelala pale kitandani analia kwa sauti ndogo, kifupa chake kikicheza chini ya ngozi mbele ya macho ya wote watatu.

Nyumbani hapakukalika tena. Kuanzia jua linapozama mtu alikuwa akitembea nje, akizunguka nyumba: hatua moja nzuri, kisha kitu kinaburutwa. Hatua, kuburuta. Sebastian alitoka na tochi, akarudi na tochi. "Hakuna mtu," alinong'ona. "Ila kuna nyayo. Mguu mmoja tu, mke wangu. Mwingine ni mfereji." Sauti haikuwahi kupumzika. Ilipita dirisha la jikoni ikapita la sebuleni, ikafika la chumba cha mtoto na hapo ikachelewa, na kila ilipochelewa goti la Felista lilijikunja na kunyooka, kujikunja na kunyooka, bila yeye kutaka, akiwa amekumbatiwa na mama yake kitandani, mpaka Jenista akawa analisikia lile goti likigonga tumbo lake palepale alipombeba miezi tisa, na akajua kwa uchungu usio na jina kwamba mtoto wake anachukuliwa kipande kwa kipande naye ameshika tu.

Aliyeitwa ni shangazi yake Sebastian, Gwalugano wa Isongole, mama wa kanisa mwenye sauti nzito ambaye milima yote ya Ileje ilimjua kwa kuunga mifupa. Ukimwita mganga mlikosana. Alipoingia tu, Jenista alipiga magoti kumwamkia kama mkamwana aliyefundwa. Felista alitaka kushuka kitandani afanye vivyo hivyo, maana ndivyo alivyolelewa. Hata sokoni Nakonde alikuwa akiwapigia goti wauza vitenge na kuwaitikia "Eya mukwai", yaani ndiyo kwa heshima, kwa Kibemba chake cha kubahatisha, nao wakimpenda na kumshukuru kwa lugha yao, "Natotela, natotela."

"Kaa hivyo hivyo, mwanangu," Shangazi alisema. Akamtazama Jenista pale chini, kanga imepanda. "Na hilo kovu?"

"Jembe, shangazi. Utotoni, shambani kijijini kwetu Ruanda, tukipalilia kahawa." Lilikuwa kovu lililopinda kama ndoana, juu kabisa ya goti la kulia.

Shangazi akaacha kovu, akashika goti la mtoto. Aliminya, akafumba macho, akanusa viganja vyake. "Mwaka huu nimeletewa watu wawili wa namna hii," alisema polepole. "Mmoja kiwiko, mmoja nyonga. Mfupa ukiushika upo, ukiuliza kazi yake haupo. Kuna kitu kinajiunda huko nje. Hakina viungo, kinaokota vya watu. Lakini hakipokonyi, Jenista. Hakina uwezo huo. Lazima kipewe. Nani alitamka?"

Jenista aliinama. Akasimulia somo la Ijumaa lote, neno kwa neno, na alipofika kwenye "sawaaa" ya watoto Sebastian alitoka nje akawapa mgongo.

"Basi una bahati," Shangazi alisema. "Uliazimisha. Kitu cha kuazima kinadaiwa. Kesho utakidai palepale, mbele ya wale wale walioitika. Udai tu. Usiongeze neno."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata mlingoti wa bendera hauonekani. Watoto waliingia wakakaa kimya bila kuambiwa. Sebastian alimshusha Felista kwenye dawati la mbele, na Shangazi akasimama mlangoni na Biblia yake kwapani. Mguu ulikuwa msumarini, umejikunja, na kano zake za mpira zilikuwa zimelowa.

Jenista alipiga moyo konde. "Wanafunzi, Ijumaa tuliuazimisha mguu huu goti la Felista. Leo tunalidai. Goti la Felista ni la Felista. Sawasawa?"

"Sawa, mwalimu," wakasema, chini chini.

Mpira ukalia. Mguu ulinyooka taratibu, unyayo ukagusa ukuta, na Felista akavuta pumzi ndefu akasema, "Mama, limetulia," na Jenista alikuwa anataka kucheka, kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, ndipo aliposikia dawati la nyuma likigongwa kwa chini, kisha la jirani yake, kisha la katikati, magoti ya watoto wa watu yakigonga mbao moja baada ya jingine, ko, ko, ko, yakipimwa, yakichaguliwa, watoto wakiyashika kwa mikono miwili yasitembee na yakitembea, wakimtazama yeye, mwalimu wao, aliyewafundisha kuitika bila kuuliza, na ile harufu ya uboho ikajaa darasani mpaka ikawa kama imo mdomoni.

"Waache!" Jenista alipaza sauti. "Waache watoto. Chukua langu. Nakupa."

"Usi..." Shangazi alianza.

Kilisikika kitu kama mkaa ukivunjwa. Jenista alianguka chini na madawati yakanyamaza.

Mifupa nayo ilikuwa sakafuni, imetawanyika, ya ndama na ya mbuzi, mikavu kama ilivyokuwa siku ya kuokotwa. Ule mrefu wa muundi haukuwepo. Shangazi aliichoma iliyobaki nyuma ya vyoo, akiomba kwa Kindali, lugha ya kwao, na machozi yakimtoka kwa hasira. "Gwe, wewe Jenista! Nilikwambia udai, sikukwambia utoe! Cha kuazima kina mwenyewe. Ulichotoa utakidai kwa nani sasa?"

"Walikuwa watoto, shangazi," Jenista alijibu. Hakujuta, na mimi sidhani kama kuna mama angejuta.

Felista alipona siku ile ile. Jenista mguu wake wa kulia haukukunjika tena. Alijifunza kupanda ngazi upande upande, na akiwaamkia wakwe alibaki wima kama mlingoti, ikabidi Sebastian awe anamwombea radhi kila nyumba. Mahali pa goti ngozi ilikuwa laini, haina alama yoyote. Hata kovu lilikwenda. Lakini nyumba ililala usingizi, hakuna aliyeburuta kitu nje, na baada ya miezi kadhaa walianza tena hata kutaniana.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida sokoni Nakonde, mchana, jua kali, wabadilisha fedha wakiitana. Jenista alikuwa anapima kitenge kwa urefu wa mkono na Felista ameshika mfuko. Mwanamke mmoja mrefu alikuwa anakuja katikati ya watu. Alitembea vizuri, tena kwa maringo, ila kiwiko chake kilirushwa kama cha kuli na nyonga zake zilikwenda kama za mtu mwingine kabisa aliyekuwa na haraka. Alisimama mbele ya Jenista. Akashuka chini kwa goti la kulia, taratibu, kwa raha ya mtu anayefanya jambo alilolitamani muda mrefu, akapiga makofi ya heshima, na kitenge chake kikapanda.

Kovu lilikuwa juu kabisa ya goti, limepinda kama ndoana.

"Natotela, mayo," alisema. Asante, mama.

Kisha akageuza uso wake, akampigia makofi Felista pia, kama anayeshukuru kwa kitu ambacho bado hajapewa.

Jenista alinyoosha mkono kumshika binti yake, mguu wake mkavu ukamchelewesha. Na Felista, mtoto aliyelelewa vizuri, alikuwa ameshaweka mfuko chini, ameshapiga goti.

"Eya mukwai," akaitika.