Zima, Usikilize

"Uchunguzi wa Matumizi Yasiyoidhinishwa ya Mawimbi ya Nyumbani." Ndivyo ofisi ya kampuni ya intaneti ilivyoyabatiza malalamiko ya mjane mmoja, ambaye kila akiongea na bintiye aliye ng'ambo, mtandao ulikatika. Akatumwa rafiki yangu, fundi.

"Jirani ananiibia intaneti, mwanangu," mjane alinong'ona. "Humu ndani naishi peke yangu."

"Tutamnasa, mama. Mwizi wa maji hujulikana kwa ndoo, wa intaneti kwa mdomo. Nazima, tusikilize nani atalalamika."

Akazima kisanduku cha intaneti kilichokuwa koridoni. Vitaa vyake, mwanga pekee wa korido ile, vikafa. Wakatega masikio kwenye ukuta wa jirani. Kimya.

Nyuma yao, ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli lililoota kutu, mtu alisonya.