Mbili kwa Kumi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alimpangia bibi yake dawa: ya kisukari, ya presha, ya moyo, na mbili za figo. Kisha alifungua daftari aliloachiwa na muuguzi aliyewatembelea kila Alhamisi.

"Bibi, maumivu leo ni ngapi kwa kumi?"

"Andika mbili."

Bibi alisema hivyo huku amekunja uso na kung'ang'ania ukingo wa kitanda. Kiherehere aliandika mbili. Wote wawili waliogopa jambo moja: ikiandikwa nane, muuguzi atamrudisha bibi wodini, na bibi alikuwa ameapa kwamba harudi huko.

Jina la Kiherehere alipewa na bibi kwa sababu hakuweza kukaa kitako. Wiki hiyo alizidi. Darasani alifuta hesabu zake mara tatu na kuvunja penseli, hata mwalimu akamuuliza kama amekalia siafu.

Alhamisi jioni muuguzi alikuja, akapekua daftari. "Mbili, mbili, mbili. Basi dawa ya maumivu tuiache ilivyo. Bibi, una nguvu kunishinda."

"Nguvu za kukugombeza tu," bibi alijibu, na pumzi ikamkatika.

Muuguzi alifunga mkoba. Kiherehere alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nesi, si mbili. Ni nane. Nimeandika uongo wiki nzima. Tafadhali usimpeleke wodini."

"Umenichongea, mjukuu wangu," bibi alisema, lakini machozi yalimtoka.

Muuguzi alikaa tena. "Nani kasema wodini? Bibi, magonjwa yako hayataondoka, hilo unalijua. Kazi yangu ni kukupunguzia mateso hapa hapa, kitandani kwako."

Alimpigia daktari simu. Waliongeza dawa ya maji ya kutuliza maumivu, wakaondoa vidonge viwili vilivyokuwa vikimchosha bibi bila faida. Kisha muuguzi akamgeukia Kiherehere.

"Siku sita za wiki sipo hapa. Daftari hili ndilo macho yangu. Ukiandika uongo, hata kwa mapenzi, unanipofusha, na anayeumia ni bibi."

Jumapili bibi aliketi, akanywa uji wote.

"Ngapi leo?" Kiherehere aliuliza, kalamu mkononi.

"Tatu. Ya kweli, usinipunguzie." Bibi alimtazama mjukuu wake aliyetulia kitini. "Na leo umekaa kitako. Andika na hilo, nesi asije akadhani wewe ndiye mgonjwa."