Rimoti Iliyozikwa Kitui

Kavinya alikuwa akichambua maharagwe sebuleni. Kavindu, binti wa kaka yake, alikuwa sakafuni akimvisha mwanasesere wake kitambaa. Jioni ilikuwa ya kawaida mtaani. Watu walikuwa wakirudi kutoka kazini kwa miguu, wakipita vichochoroni kutoka upande wa Jogoo Road.

Saa kumi na moja na robo, viatu vya kisigino vilisikika nyuma ya ukuta. Ko, ko, ko. Vikanyamaza.

Kisha kitasa cha umeme cha mlango kikalia: tak!

Springi ikausukuma mlango, kama kila jioni. Ukafunguka polepole mpaka mwisho. Kizingitini hapakuwa na mtu.

"Mama amefika," alisema Kavindu, bila hata kuinua kichwa.

Mama yake, Ndindi, alikuwa kaburini Kitui mwezi wa tatu sasa.

Kavinya aliingia jikoni kunawa uso. Aliporudi, mwanasesere alikuwa sakafuni peke yake. Alitoka mbio bila viatu. Alimkuta mtoto ukingoni mwa barabara kuu, malori yakimpita karibu kiasi cha kuipeperusha sketi yake.

"Nilikuwa namfuata mama," alisema Kavindu. "Nimesikia viatu vyake."

Saa kumi na mbili na nusu Kiema, baba wa mtoto, alirudi kutoka ghala la Industrial Area alikokuwa dereva. Alibonyeza rimoti yake, akaingia. Begi la dada yake lilikuwa limefungwa, liko karibu na kiti.

"Kesho asubuhi naenda na mtoto Kitui," alisema Kavinya. "Kaka, usinijibu. Hii nyumba inamwita mtoto barabarani."

Kiema aliketi. Nyumba bila Ndindi ilikuwa imemshinda tayari. Bila Kavindu angekuwa anarudi kwa nani?

Jambo moja hakuwahi kumwambia dada yake. Kitasa kilifungwa siku mbili kabla ya msiba, na kilikuja na rimoti mbili. Moja ilikuwa mfukoni mwake. Nyingine ilikuwa katika mkoba wa Ndindi, na siku ya mazishi akina mama wa kanisa waliuweka ule mkoba ndani ya jeneza. Alikumbuka wakati udongo umeshajaa. Tangu hapo, kila alipoambiwa mlango umefunguka, aliona kidole cha mkewe gizani, kikibonyeza.

Alikwenda kwa jirani wa mwisho wa mstari, Mzee Odera, aliyekuwa fundi wa mitambo ya simu za reli kwa miaka ishirini na sita. Akamweleza yote, hata habari ya mkoba.

Odera hakucheka. Aliuliza tu, "Aliyekufungia kitasa ni yule yule aliyenifungia mimi?"

"Ndiyo, Gordon, mwenyekiti wetu wa mtaa. Alileta vitatu, cha kwangu, chako na cha yule Waithera wa nyuma. Akasema tusiguse kitu ndani."

"Na karatasi ya maelezo?"

"Ilikuwa moja. Iko kabatini kwake, imefungiwa."

"Basi ndivyo walivyo," Odera alisema. "Mkubwa akipewa karatasi, anaificha. Halafu sisi tunaogopa wafu."

Alichukua rimoti yake, wakafuatana hadi nje ya nyumba ya Kiema. Mlango ulikuwa umefungwa. Odera alibonyeza.

Tak! Ukafunguka polepole mpaka mwisho. Ndani, Kavinya alipiga ukemi.

"Kavinya, ni mimi!" Odera aliita. "Sijafa bado, usinililie mapema."

Kiema aliinyoshea rimoti ile kidole. "Imewezaje? Hiyo ni yako."

"Rimoti hutuma mawimbi ya redio. Mawimbi hupita ukutani. Kitasa hakina macho, hakijui Kiema wala Odera. Kinajua namba tu. Kila kitasa hutoka kiwandani na namba ile ile, na mwenye nyumba anatakiwa kuibadilisha. Hapa hakuna aliyeibadilisha. Kwangu ni mbali, hatua mia, kwa hivyo hatukufunguliana. Lakini Waithera yuko nyuma ya ukuta wako. Anarudi saa ngapi?"

Walikwenda kumgongea. Waithera alifungua mlango kidogo tu. Nyuma yake kulikuwa na kiti kilichoegemezwa mlangoni.

"Narudi saa kumi na moja na robo," alisema. Viatu vyake vya kisigino vilikuwa pale kwenye mkeka. "Mbona mnauliza? Mnajua mlango wangu? Kila siku saa kumi na mbili na nusu unajifungua. Naishi peke yangu! Mchungaji ameuombea mara mbili."

Saa kumi na mbili na nusu. Kiema alitazama rimoti mkononi mwake. "Dada, nisamehe. Ni mimi ninayeufungua."

Waithera aliketi kwenye kiti chake cha ulinzi, akacheka hadi machozi.

Waliporudi, Odera alizima stima ukutani kwanza, kisha akafungua kisanduku cha kitasa. Ndani mlikuwa na swichi ndogo nane, zimepangwa kama meno. Zote zilikuwa chini. Akaifungua rimoti ya Kiema pia. Vilevile, zote chini.

"Zipange utakavyo, nyingine juu, nyingine chini. Ziko namna mia mbili hamsini na sita. Usiziache zote chini, wala zote juu. Mpangilio wa kitasa na wa rimoti lazima ufanane. Usimwonyeshe mtu. Rimoti ikipotea, badilisha siku hiyo hiyo. Na bado weka komeo la kawaida kwa ndani, maana mwizi mvumilivu anaweza kujaribu namba moja moja."

Alimpa Kiema kijiti cha kiberiti cha kusukumia swichi. Kiema alikishika, mkono ukasimama.

"Na ile ya Kitui?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haitafungua tena."

Kiema alitazama mlango, kisha begi la dada yake, kisha nyayo za mtoto zilizokuwa bado na vumbi la barabara.

"Kavindu," aliita. "Njoo umsaidie baba."

Mtoto alisukuma swichi za rimoti, ulimi nje. Juu, juu, chini, juu, chini, chini, juu, chini. Kiema akazifuata kwenye kitasa, moja baada ya nyingine. Odera akarudisha stima, akabonyeza rimoti yake mlangoni. Kimya. Kiema akabonyeza yake. Tak!

Usiku huo huo walibadilisha pia namba ya Waithera, kwa mpangilio wake mwenyewe. Ya Odera ilifuata asubuhi.

Kesho yake, saa kumi na moja na robo, viatu vilipita. Ko, ko, ko. Vikanyamaza. Kavinya aliacha kuchambua maharagwe. Kavindu aligeuka kuutazama mlango, akautazama muda mrefu.

Haukufunguka.

Begi la Kavinya lilikuwa tupu, limerudishwa juu ya kabati.

Saa kumi na mbili na nusu kitasa kililia. Kavindu alikimbia hadi kizingitini, akamkumbatia baba yake miguuni.

"Nilijua ni wewe," alisema.

Kiema aliinama akambeba. Kisha akageuka, akauvuta mlango, akalitia komeo.